Unga Mweupe, Mti Mweusi

Babu mzaa baba alifika Kisutu, Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza siku ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mwaka 1998. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, Mhindi, alipoolewa na Mmakonde, nyumba ya mama yake mzazi, bibi yangu niliyemwita Nani, ilimnunia miaka kadhaa. Nasikia kuzaliwa kwangu ndiko kulikowarudisha kwenye mazungumzo, lakini wazee wenyewe walikuwa hawajawahi kukaa pamoja.

Alipanda daladala Mwenge, alikokuwa na banda lake la vinyago, akaja na kifurushi cha gazeti kwapani. Akamkuta Nani barazani anachora rangoli, pambo la sakafuni la unga na rangi, akaitikiwa hodi, lakini hakupita. Alivua makubazi, akachuchumaa upande wa pili wa mchoro.

Nani alikuwa ameshapanga nukta, safu kwa safu, juu ya saruji iliyoiva weusi kwa miaka ya kusuguliwa. Sasa alikuwa anaziunganisha. Unga wa mchele ulishuka kati ya kidole gumba na cha shahada, mwembamba kama uzi, ukazunguka nukta, ukarudi ulikoanzia. Mkono wake haukusita hata mara moja. Babu aliufuata mkono ule kwa macho kama anavyofuata fundi kazi ya fundi mwenzake.

"Mama, kesho hii itakuwa wapi?"

"Kesho asubuhi nafagia, mzee."

"Yote?"

"Yote. Mwakani nachora ingine."

Babu akanyamaza. Yeye aliweza kumaliza wiki tatu na kipande kimoja cha mpingo, mti mzito unaozama majini, ili apate kitu kitakachomzika yeye mwenyewe na wajukuu zake.

Akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na kinyago cha mwanamke mwenye mtungi, mweusi tii, ila ukingo wa kanga yake ulikuwa mweupe wa maziwa. Nani alimpokea, mkono ukashuka kwa uzito. Akapitisha kidole kwenye ule weupe.

"Hapa umepaka rangi?"

"Hapana, mama. Ni mti wenyewe. Nje mweupe, ndani mweusi. Mimi nimeondoa tu."

Nani aliyarudia maneno yale polepole: umeondoa tu. Akaacha katikati ya rangoli patupu, akamsimamisha mwanamke yule pale, akaendelea kujaza rangi kumzunguka. Jioni taa za udongo zilimmulika usoni, sisi tukila ladu na chauro.

Leo nami ni mchoraji, na kwenye maonyesho huwa naulizwa kama kazi zangu ni za Kihindi au za Kimakonde. Humkumbuka mchoraji Edward Saidi Tingatinga, baba Mngindo, mama Mmakua, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kubeba majina yote mawili, la Kikristo na la Kiislamu. Swali lile huniumiza, maana linataka nimtoe mzee mmoja barazani. Mimi napaka ubao weusi, naweka nukta nyeupe, naziunganisha alivyofanya Nani. Zikikauka, nachukua patasi ya babu nakwangua mpaka ubao wenyewe utokeze. Mkono mmoja unaweka, mwingine unaondoa, na sijawahi kumaliza picha kwa mkono mmoja.

Asubuhi baada ya Diwali ile Nani alifagia, kama alivyosema. Alipomwinua mwanamke wa mpingo, chini palibaki pete nyembamba ya unga, mahali ufagio haukufika. Aliitazama kwa muda, kisha akauegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani kupika chai.