Mtungi Ulioachwa Kisimani

Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa, juma hili nilipokuwa nikisoma tena sura ya nne ya Injili ya Yohane, nilikwama kwenye aya ya 28, pale mwanamke Msamaria anapouacha mtungi wake na kwenda mjini, nikamkumbuka mtu mmoja ambaye jina lake la usanii lilitokana na kisima.

Wu Li alizaliwa mwaka 1632 huko Changshu, nchini China. Mjini kwao palikuwa na kisima cha kale kilichoitwa Kisima cha Wino, naye akajiita kwa jina hilo. Alijifunza uchoraji kwa Wang Jian na Wang Shimin, na leo anahesabiwa miongoni mwa mabingwa sita wa mwanzo wa enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme uliotawala China, kwa michoro yake ya milima, maji na miti. Kwa Wachina, kuchora na kuandika ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa brashi ni ileile na wino ni uleule. Karatasi huunywa wino papo hapo, hivyo mkono ukishateleza hakuna cha kufuta. Mwandiko wake aliufuatisha ule wa Su Shi, mshairi wa karne ya 11.

Mtu wa namna hiyo, mwenye jina na marafiki wasomi, mwishoni mwa mwaka 1681 alikuwa Macau, bandari ya China iliyokuwa mikononi mwa Wareno, pamoja na Padri Philippe Couplet, mmisionari kutoka Ulaya, akitamani kwenda naye Ulaya. Couplet alisafiri, Wu Li akabaki. Alikaa katika chuo cha Mtakatifu Paulo, ambacho ukuta wa mbele wa kanisa lake umesimama hadi leo, akaingia Shirika la Yesu (Wajesuiti) mwaka 1682, akaanza kujifunza Kilatini akiwa na umri wa miaka 50. Hapo ndipo ninapokaa kwa muda mrefu zaidi ninapomtafakari. Bingwa ambaye vijana wangemwita mwalimu alirudi kuwa mwanafunzi wa herufi asizozijua, zinazotoka kushoto kwenda kulia, wakati mkono wake ulizoea kushuka kutoka juu hadi chini.

Mwaka 1688 alipewa daraja ya upadri huko Nanjing na Luo Wenzao, Mchina wa kwanza kuwa askofu, kisha akatumikia Shanghai na Jiading kwa takriban miaka thelathini, hadi kifo chake mwaka 1718.

Je, mtungi wake aliuacha? Kwa muda, kazi za parokia zilimnyima nafasi ya kuchora, lakini uzeeni alichora tena, na jambo linalonigusa ni kwamba hakuanza kuchora kama Wareno. Alikuwa ameuona uchoraji wa Ulaya, akaandika kwamba wenzetu wale hushughulikia mwanga na kivuli ili kitu kifanane na umbo lake, ilhali wao Wachina hawatafuti mfanano wa umbo. Alipokea imani iliyoletwa na meli, akaendelea kuchora milima kwa brashi ya walimu wake wa China, wala sioni kwamba padri na mchoraji waliwahi kugombana ndani yake.

Yohane hasemi kama yule mwanamke aliurudia mtungi wake. Mimi nimeamini siku zote kwamba aliurudia jioni, kwa sababu nyumbani kwake bado palihitajika maji.