Gundi ya Neandertali

Wengi wanaotoka kumwona Zinjanthropasi, fuvu la kale lililopatikana Olduvai, pale Makumbusho ya Taifa, Posta, Dar es Salaam, humchanganya na Neandertali, aina nyingine ya binadamu wa kale. Neandertali hakuishi Olduvai. Kwao ni Ulaya na Asia ya magharibi, hadi miaka 40,000 hivi iliyopita. Na alikuwa fundi hasa! Gundi yake ilikuwa lami nyeusi ya magome ya betula, mti wa nchi za baridi. Kule Campitello, Italia, imekutwa bado imeng'ang'ania jiwe la kukatia.

Njia mojawapo ya kuipata lami hiyo ni kuyachoma magome kando ya jiwe lililoinama: lami hunata juu yake, unaikwangua kidogo kidogo. Njia nyingine ni kuyafukia kwenye majivu ya moto. Hewa ikizidi, gome linateketea; joto likipungua, lami haitoki. Lami ikipoa huwa ngumu, basi ipashe tena ndipo ubandike jiwe la kukatia kwenye mpini.