Ukimaliza Uniite, Nije Nijifunze

Kuna kauli iliyotolewa mbele ya nyumba yangu Jumamosi iliyopita ambayo hadi leo sijaweza kuamua kama ilikuwa heshima au kejeli, na kwa kuwa mama watoto amenikataza kuirudia tena mezani, naileta hapa. Aliyeitoa ni fundi mzee wa pikipiki wa chini ya mti wa mkungu, yule yule niliyewasimulia hapa awali wakati wa mkasa wa mnyororo wangu. Alikuwa anarudi kutoka msikitini baada ya swala ya alasiri, akanikuta nimechuchumaa juu ya gunia, pikipiki imevuliwa tangi, nami nalegeza nati za kichwa cha injini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Unafungua kichwa?"

"Nafungua. Silinda imelika."

"Nani kakwambia?"

"Nimepima."

Akaitazama geji ya kompresheni, ile ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda, iliyokuwa juu ya kigoda, akalitazama daftari langu, akaisogeza kofia yake mbele kidogo, kisha akasema, "Vyema. Basi ukimaliza uniite, nije nijifunze." Akaenda zake bila kuongeza neno.

Nimeirudia sentensi hiyo kwa kila sauti niliyo nayo. Nikiisema kwa upole, namsikia mzee anayemtia moyo kijana wake. Nikiisema kwa ukavu, namsikia fundi anayemwambia mteja wa miaka mingi kwamba wameachana, kwa ule ustaarabu wetu wa Pwani ambao mtu huweza kukusuta nawe ukamjibu ahsante. Angecheka mwishoni ningejua. Angeguna ningejua zaidi. Lakini aliitamka kama mtu anayeagiza kahawa, na sura yake haikunisaidia hata kidogo. Ikumbukwe kwamba huyu ndiye aliyemwonyesha marehemu baba namna ya kusoma rangi ya plagi ya injini, nami nilikuwa mtoto wa kuwashikia tochi.

Wala sikukwepa kumpelekea kazi kwa sababu ya ubahili, maana vifaa vimenigharimu kiasi ambacho sitakiandika, kwa kuwa mama watoto husoma hapa. Ugonjwa wenyewe ulikuja polepole, nami nilitaka kuufuata kwa macho yangu tangu dalili ya kwanza hadi kiini chake. Oili ilikuwa inapungua kabla ya siku ya kuibadilisha, ilhali sakafuni hapakuwa na tone hata moja. Kiki ikawa nyepesi mguuni, mpira wa kupumulia wa injini ukawa unatema mvuke wenye mafuta, na kila nilipopanda daraja la Nyali hapa Mombasa nikiwa na abiria, kioo cha pembeni kilinionyesha moshi wa samawati unaonifuata hadi ng'ambo. Moshi wa aina hiyo una lugha yake. Ukitoka kwa mkupuo mmoja unapovuta mafuta tena baada ya kuteremka mteremko ukiwa umeyaachia, shuku mpira wa valvu (kile kilango cha hewa na moshi) na tundu inamopita, lakini ukitoka mfululizo injini inapobeba mzigo, shuku ringi, zile pete za pistoni, na silinda.

Kushuku si kujua, na ndiyo maana nilitafuta geji. Injini ikiwa imepata moto, nilifunga geji kwenye tundu la plagi, nikafungua mafuta hadi mwisho ili hewa iingie yote, nikapiga kiki mpaka mshale ukakataa kupanda. Ulisimama chini kidogo ya baa 7 za mgandamizo. Kisha nikamimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu lile lile, nikarudia, na mshale ukapita baa 9. Jaribio hili ni rahisi lakini nalipenda kuliko yote, kwa sababu oili ile huziba kwa muda mwanya ulio kati ya ringi na ukuta wa silinda, na haiwezi kuziba valvu inayovuja. Kama kipimo kingebaki pale pale, ningefungua kichwa nikitafuta valvu iliyoungua. Kwa kuwa kilipanda, nilijua ninakokwenda kabla sijashika spana. Hilo ndilo nililotaka kumweleza mzee pale Jumamosi, lakini nilipolipanga vizuri kichwani alikuwa ameshafika kona ya duka la mahamri.

Wiki hiyo hiyo kaka alipaa kwenda Doha kuanza kazi, ofisini tukaletewa mkuu mpya na binamu akaposwa, nami katika shughuli zote hizo nilikuwa nikijiuliza kama mtu mwenye ujuzi wa miaka yote ile anaweza kusema "nije nijifunze" bila kumaanisha kinyume chake. Kwenye posa mjomba alinisemesha mara kadhaa bila mimi kumsikia.

Siku ya Jumapili, baada ya kunywa chai, nilishusha silinda. Injini hii ni ya ule mpango wa Honda CG125 ya mwaka 1976 ambao viwanda vingi vya China vimeunakili: kamshafti, ule mhimili unaoziendesha valvu, imekaa chini, valvu zinasukumwa kwa fimbo mbili ndefu, silinda ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni ina mwendo wa milimita 49.5. Nilipoipangusa silinda na kuielekeza kwenye mwanga wa mlango, mikwaruzo ya wima ilionekana dhahiri, na mistari iliyochorwa kiwandani kwa mshazari ili ishike oili ilikuwa imefutika kabisa sehemu ya juu. Sababu niliipata ndani ya sanduku la chujio la hewa, ambamo sifongo ilikuwa imechanika ukingoni, nadhani tangu enzi za kijana wa bodaboda aliyeniuzia. Mchanga wa Kisauni hauhitaji mwaliko wa pili. Ukiingia kupitia kabureta, huchanganyika na oili na kusaga chuma kila pistoni inapopanda na kushuka.

Hapo nikaanza kupima, na lazima nikiri kwamba kinyongo changu kiliyeyuka nikiwa na kalamu mkononi. Chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki, silinda ilisoma milimita 56.51, yaani bado ni mpya. Juu, karibu na mahali ambapo ringi ya kwanza hugeuzia safari, ilisoma 56.58 nilipopima sambamba na pini ya pistoni, na 56.64 nilipopima kutoka mbele kwenda nyuma. Kila tarakimu ina sababu yake. Silinda hulika zaidi juu kwa kuwa pale ndipo mlipuko unapozisukuma ringi ukutani kwa nguvu nyingi, joto ni kali, na pistoni husimama kwa kitambo kidogo mno kabla ya kugeuka, hivyo utando wa oili huwa mwembamba mno. Hulika zaidi mbele na nyuma kwa kuwa konrodi, ile fimbo inayoshikana na pistoni, ikiwa imeinama huisukuma pistoni upande huo na si upande wa pini. Matokeo yake ni tundu ambalo si duara tena na wala halijanyooka.

Niliithibitisha hadithi hiyo kwa njia nyingine. Nilichukua ringi kuukuu, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, nikapima mwanya wa midomo yake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya. Chini ulikuwa milimita 0.45, juu ukawa 0.75. Ringi ni ile ile, kilichobadilika ni silinda, kwani kipenyo kikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, mzingo huongezeka kwa zaidi ya sehemu tatu za kumi, na nyongeza hiyo yote huangukia kwenye mwanya. Vifaa viwili tofauti vilikuwa vimeleta ushahidi mmoja. Nilicheka peke yangu kibarazani, jirani akachungulia.

Nikamtuma mwanangu wa pili akamwite mzee, ingawa sikuwa nimemaliza.

Alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaipokea silinda. Hakuangalia daftari. Alitia kidole cha shahada ndani, akakipandisha taratibu hadi ukucha ulipokwama kwenye ule ukingo mdogo unaobaki juu ya mwisho wa ringi, akaizungusha silinda huku macho yake yakiwa barabarani, akakirudisha kidole mahali pale pale.

"Imekula mbele na nyuma," akasema. "Ubavuni bado ina afadhali. Kidaftari chako kinasemaje?"

"Kinasema hivyo hivyo, mzee wangu."

"Basi kiko sawa."

Akanywa kahawa kidogo, kisha akaniuliza ni kiasi gani. Nikamwambia imezidi kwa sehemu 13 za mia za milimita, kwa hiyo kuipanua silinda ipokee pistoni ya nyongeza ya kwanza, ile iliyozidi kwa milimita 0.25, kutatosha kuondoa ulikaji wote, na hakuna haja ya kuruka hadi 0.50 kama wafanyavyo wengi ili kujihakikishia, maana kila hatua unayoiruka ni uhai wa silinda unaoutupa. Akanyamaza. "Ehe," akasema, "kidole hakinipi namba." Halafu akataka kuonyeshwa namna ya kushika geji ya kupimia silinda bila kuiinamisha, akapima mwenyewe juu na chini, na mara zote mbili akasoma sawa na nilivyosoma.

Sikumwuliza kuhusu Jumamosi. Nilikuwa na swali mdomoni, lakini mtu aliyekaa kwenye kigoda chako akiizungusha silinda yako kwa uangalifu ule, humwulizi kama alikuwa akikusuta.

Karakana ya Shimanzi ilifanya kazi safi. Nilipeleka silinda pamoja na pistoni mpya, kwa sababu mwenye mashine anayejiheshimu huipanua silinda kwa kuifuata pistoni aliyoishika mkononi na si maandishi ya kwenye boksi. Iliporudi, niliiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka bila rangi ya kijivu, maana unga wa jiwe la kunolea ukibaki kwenye mistari utazila ringi mpya kabla ya mwezi kwisha. Hapo mzee alitoa amri yake moja tu: silinda iliyooshwa katika mji huu isingoje hata chai ichemke, ipakwe oili papo hapo. Nilipaka upande mmoja, nikageuka kutafuta kitambaa kingine, na upande wa pili ulikuwa umeshaanza kupata wekundu hafifu wa kutu ambao kitabu changu cha matengenezo, kilichoandikwa na watu wasioishi na hewa ya bahari, hakijautaja popote. Ulifutika kwa oili na kitambaa.

Kufunga kulikwenda haraka. Nilisokota kitambaa kwenye mdomo wa injini ili klipu ya pini isije ikatumbukia ndani, nikageuza alama ya IN iliyo juu ya pistoni upande wa kabureta, nikatenganisha midomo ya ringi isikae kwenye mstari mmoja, nikakaza nati kwa mtindo wa msalaba kidogo kidogo, nikaweka mwanya wa valvu kwenye milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Iliwaka. Ilitoa moshi wa oili ya kufungia kwa muda mfupi, kisha ekzosi ikawa kavu. Sasa naiendesha bila kubeba abiria, nikibadilisha mwendo mara kwa mara ili ringi zijikalishe ukutani, na oili ya kwanza nitaimwaga mapema pamoja na unga wote wa chuma.

Mzee alipita jana, akasikiliza injini ikinguruma, akasema, "Mlio wake umekaa." Kisha akaniomba nimwazime geji ya kompresheni hadi Ijumaa, kwa kuwa kuna pikipiki ya mtu inayomsumbua. Nikampa na lile boksi lake. Mama watoto anasema hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta, mimi nasema huenda ni hivyo, na huenda pia alihitaji geji tu.

Usiku wa leo hata hivyo sitalala kwa sababu nyingine kabisa. Mwenye nyumba amekuja mchana nikiwa kazini, akiwa na watu wawili tusiowafahamu, wakapigilia vigingi nyuma ya jiko letu, wakaondoka bila kuacha maelezo, na simu yake tangu magharibi haipatikani.