Siku Tuliyokata Sampuli za Epoksi

Mezani palikuwa na visahani viwili vyeupe vya epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, vyote vimejazwa unga wa alumina, yaani oksidi ya alumini, kwa asilimia 30 ya ujazo. Kimoja kilikuwa na chembe laini mno, kingine chembe za kukwaruza vidole. Mwenzangu wa maabara alikuwa ameshikilia kwamba laini zingeshinda, maana zinaenea kila mahali. Vipimo vilikataa: chembe kubwa zilipitisha joto vizuri zaidi.

Epoksi tupu hupitisha joto kwa wati 0.2 hivi kwa mita kwa kelvini. Alumina hukaribia 30. Kwa pengo kubwa hivyo nilitegemea ongezeko la kutisha. Mwalimu akaandika ubaoni kanuni ya mwanafizikia James Clerk Maxwell ya mwaka 1873. Chembe za duara zilizotawanyika kwa asilimia 30, hata zingepitisha joto bila kizuizi chochote, huongeza upitishaji mara 2.3 tu. Nilirudia hesabu daftarini, ikatoka vilevile. Joto likishavuka chembe, linatumbukia tena kwenye gundi, na gundi ndiyo inayopanga mwendo.

Ila kanuni hiyo haijali ukubwa wa chembe. Basi tukavikata visahani, tukavisugua hadi vikang'aa, tukaviweka chini ya darubini.

Hapo ndipo nilipoelewa, na picha ile ninayo hadi leo. Chembe kubwa zilikaribiana, katikati yake utando mwembamba wa gundi. Zile laini zilishikana vifundo vifundo, na ndani ya vifundo mlikuwa na viputo vya hewa, ambayo hupitisha joto kwa 0.026 tu, pungufu hata ya gundi. Tena kila mpaka wa chembe na gundi hulizuia joto kidogo, na ukipunguza kipenyo mara kumi kwa ujazo uleule, eneo la mipaka huongezeka mara kumi.

"Sasa changanyeni zote," mwalimu akasema. "Ndogo zijaze nafasi za kubwa."

Tulikoroga uji mzito, tukaunyonya hewa kwa pampu huku viputo vikipanda na kupasuka. Safari hii alumina nyingi zaidi iliingia bila gundi kukataa kumiminika. Kisahani hicho kilipokauka kiliwashinda wenzake wote wawili. Mwenzangu papo hapo akauliza kuhusu vibapa vya boroni nitraidi, kampaundi ya boroni na nitrojeni, ambavyo hupitisha joto zaidi kwa mapana kuliko kwa unene: je, vikilazwa upande mmoja? Mwalimu akamwambia aandae kalibu.