Siku ambayo mlingoti wa bendera ulikosa kivuli

Saa kumi na moja alfajiri. Mie ni mtu wa leb kwenye sekondari moja hapa kisiwani Mombasa, yule ambaye mwalimu akisema kesho kuna praktikali yeye ndo anabaki akihesabu testi tyubu, na nakaa Likoni kwa hivo siku yangu inaanza mapema sana. Chai ya rangi, mahamri ya jana, na kwenye begi nimetia manjano, magadi, ndimu na kipande cha bomba la plastiki ambacho kimefanya kondakta aniulize kama siku hizi mie fundi wa maji.

Saa kumi na mbili kasoro, feri. Mwezi ulikuwa mpevu jana na sai umelala upande wa bandari, mkubwaaa, watu wametoa simu wanaupiga picha halafu kwenye picha unatoka kadoti. Hii bure kabisa jaribu nyumbani: nyoosha mkono, ufunike mwezi na kidole kidogo ukiwa chini hivo, halafu usiku ukishapanda utosini ufunike tena. Kidole kile kile kinatosha. Mwezi haujakua, ni ubongo unatuchezea, na ni kwa nini hasa wanasayansi hawajaafikiana mpaka leo. Maji nayo bado yako juu, ni bamvua, zile siku bahari inajaa na kupwa sana, we pita saa nne uone yalivopwa, unashuka mteremko na mikokoteni inataka kukimbia peke yake. Bamvua kubwa hapa Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4, na za mwezi wa 3 huwa kali zaidi.

Saa moja na nusu mpaka saa tatu: kuosha, kupanguza, kukagua gesi. Hakuna la kusimulia.

Saa tatu, fomu 2, asidi na besi. Wanataka vitu vilipuke, wote, kila mwaka, video zimewaharibu hawa. Mie nikawatolea kitambaa cheupe nilichokichovya kwenye maji ya manjano, wakaguna, "Madam hiki si cha biriani?" Nikamwambia mmoja apake maji ya sabuni ya mche kwa kidole. Pale pale alipopitisha kidole pakawa pekundu, wekundu wa tofali, akaruka nyuma. Tukaongeza maji ya magadi, pekundu zaidi, halafu nikakamua ndimu, tone moja, na pale lilipodondoka manjano ikarudi, duara dogo linalopanuka taratibu katikati ya wekundu. Kelele hizo! Ndo maana kanzu ikidondokewa mchuzi wa biriani halafu ukaifua kwa sabuni doa linageuka jekundu na watu wanadhani sabuni mbovu. Sabuni haina kosa, manjano ina kurkumini na hiyo inabadili rangi ikikutana na besi.

Saa nne na nusu, chai. Kijana ananionyesha klipu, radi zinapiga mfululizo juu ya maji, Madam hii si editi? Si editi. Ni Venezuela, pale mto Catatumbo unapoingia ziwa Maracaibo, hewa ya joto yenye unyevu kutoka ziwani inakutana na upepo baridi wa milimani usiku na radi zinaanza. Setilaiti ya NASA ilihesabu wastani wa miale 233 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka, hakuna pengine duniani palipofika hapo. Akafurahi sana. Nikamwambia haya, sasa saa sita na robo njoo uwanjani.

Manake hii ndo inanikera kidogo, mtu anajua radi za Venezuela halafu hajui kwamba mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua linapita juu ya utosi wa Mombasa sawasawa. Sisi tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta na jua linapovuka kwenda kaskazini na kurudi lazima litupitie.

Saa sita na robo tuko chini ya mlingoti wa bendera, jua linachoma si mchezo. Kivuli cha mlingoti kimebaki kifupi cha aibu. "Madam saa sita ishapita na bado kipo." Subirini. Saa za Kenya zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 na Mombasa iko kwenye 39.7 hivi, kwa hivo jua linatuchelewea dakika 21, na mwezi wa 3 linaongeza kama 10. Soja wetu wa geti, Ami, aliyekuwa mvuvi Mtongwe, akacheka, "Si mungeniuliza mie? Hiyo ni zawali, ngojeni adhuhuri." Saa sita na nusu nikasimamisha bomba wima na mwanga ukashuka mpaka chini, duara kamili la jua kwenye saruji ndani ya bomba, na mlingoti mzima, ule mrefu ule, hauna kivuli. Kila mtu anaangalia viatu vyake. Kijana wa klipu akaacha kurekodi akawa anazunguka mlingoti akitafuta kilikoenda.

Mchana klabu ya sayansi walitaka jaribio la Mpemba, lile la kitu cha moto kuganda kabla ya cha baridi. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi Magamba, Tanganyika, 1963, akaona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa moto unaganda kabla ya wa wenziwe, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, na 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha habari hiyo. Tukaweka vikombe vya maji ya moto na ya baridi kwenye friza, ya baridi ikashinda, wakalaumu friza. Watafiti wenyewe bado wanabishana, kwa hivo nikawaacha wabishane.

Saa kumi na moja feri, maji yamejaa tena. Saa mbili usiku simu, mama wa mwanafunzi, "Mwalimu, huyu mtoto kaniharibia leso zote na manjano, kasema umemtuma." Pole mama, kamulia ndimu uzifue halafu anika kwenye jua kali, kurkumini haistahimili jua. Akaniuliza siku ngapi.