Maofisa wa Daraja B, Benki Kuu ya India: alama ziko kwenye kibodi

Wanaojiandaa kwa mtihani wa kuajiriwa ofisa wa Daraja B katika benki kuu ya India, Reserve Bank of India, wengi wao humaliza nguvu kwenye mchujo wa awamu ya kwanza. Alama za mchujo haziingii kwenye orodha ya mwisho hata kidogo. Ukishapita, zimekwisha kazi.

Kupita lazima upite, hata hivyo. Ni maswali 200 kwa dakika 120, na kila sehemu imefungiwa muda wake: maarifa ya jumla 80 kwa dakika 25, Kiingereza 30 kwa dakika 25, hesabu 30 kwa dakika 25, mantiki 60 kwa dakika 45. Dakika ulizookoa kwenye Kiingereza huwezi kuzihamishia kwenye hesabu. Maarifa ya jumla yanakupa sekunde 19 hivi kwa swali. Hapo unajua au hujui, songa mbele. Tena kila sehemu ina kiwango chake cha kufaulu, mbali na kile cha jumla, kwa hiyo bingwa wa mantiki huangushwa na hesabu.

Jibu baya hukata robo alama. Majibu ya kuchagua ni matano, hivyo ukibahatisha maswali matano kwa macho yaliyofumbwa, kwa wastani unapata moja na manne yaliyobaki yanalifuta. Sifuri. Ukiweza kuondoa hata jibu moja kwa uhakika, kukisia kunaanza kulipa.

Awamu ya pili ndiyo yenyewe. Karatasi tatu, alama 100 kila moja: uchumi na jamii, uandishi wa Kiingereza, kisha fedha na menejimenti. Ya kwanza na ya tatu zimegawanywa nusu kwa nusu. Maswali 30 ya kuchagua yana alama 50 kwa dakika 30. Alama 50 nyingine ni za maswali ya kujieleza, dakika 90. Unapewa sita, unajibu manne: mawili ya alama 15, mawili ya alama 10. Ukijibu matano kwa kujihami, yanasahihishwa manne ya kwanza tu, hata kama la tano ndilo bora.

Na yote hayo unayachapa kwenye kompyuta. Ukiyajaza hadi kikomo, maneno 600 kwa la alama 15 na 400 kwa la alama 10, ni maneno 2,000. Anayechapa maneno 25 kwa dakika atatumia dakika 80 kugonga vitufe, abakiwe na kumi za kufikiri maswali manne. Wa maneno 40 anabakiwa na arobaini. Karatasi ya Kiingereza nayo ni ya kuchapa mwanzo mwisho. Jumlisha: 50, 100, 50. Usaili una alama 75, jumla kuu ni 375, na 200 kati ya hizo zimetoka kwenye vidole vyako. Halafu mtu anafanya mazoezi miezi sita kwa kalamu na daftari!

Chapa jibu moja kila siku, saa ikiwa mezani: dakika 25 kwa la alama 15, 18 kwa la alama 10. Kwa kasi hiyo, siku ya mtihani maswali manne yanakuachia dakika nne kati ya 90 za kupitia makosa. Ukiona hufiki, punguza maneno, usiache swali. Anayejibu kwa Kihindi achague mapema mpangilio wa kibodi, Inscript au Remington, auzoee huohuo.

Jaribio la kisaikolojia linalotangulia usaili halina alama. Usilikoseshee usingizi.