Elektroni inayojinasa yenyewe ndani ya hematiti

Hematiti (Fe₂O₃), oksidi ya chuma, haina shida ya kufyonza mwanga. Pengo lake la nishati ni kama elektronivolti 2.1, na kwa makadirio ya karatasini elektrodi yake ya kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa mwanga ingetoa mkondo wa hadi miliampia 12.6 kwa kila sentimita ya mraba. Maabarani mkondo huwa chini sana ya hapo, na mmoja wa wakosaji wakuu ni polaroni, yaani elektroni iliyonaswa na msogeo wa atomi iliousababisha yenyewe.

Mwanga ukigonga, elektroni huhama kutoka oksijeni na kutua kwenye ayoni ya chuma, Fe³⁺ ikawa Fe²⁺. Oksijeni sita zinazoizunguka zina chaji hasi, kwa hiyo husukumwa nje kidogo. Kusogea huko kunashusha nishati ya elektroni palepale ilipotua. Mchimba kisima huingia mwenyewe! Yote hayo huchukua takriban femtosekunde 100, wala hayahitaji kasoro au uchafu wowote. Ndiyo maana kristali ikisafishwa vipi, tatizo linabaki.

Baada ya hapo elektroni haitiririki tena. Inasubiri mtikisiko wa joto uifungulie njia, ndipo iruke hadi chuma cha jirani. Kwenye silikoni joto hupunguza wepesi wa chaji kusafiri, kwenye hematiti huuongeza. Ila usikimbilie kutangaza polaroni kwa sababu tu upitishaji umepanda na joto: huenda ni idadi ya chaji iliyoongezeka. Pima na kigezo cha Seebeck (volti inayozalishwa kwa kila digrii ya tofauti ya joto, ambayo hutegemea idadi ya chaji). Kikibaki karibu palepale huku upitishaji ukipanda, idadi haijabadilika, kilichobadilika ni wepesi.

Kwenye kompyuta ndiko wengi hujidanganya. DFT (njia maarufu ya kukokotoa tabia ya elektroni) ya kawaida huisambaza elektroni juu ya vyuma vyote, kwa sababu elektroni hujisukuma yenyewe ndani ya hesabu. Weka U (nishati ya ziada inayorekebisha kosa hilo) ya elektronivolti 4 hivi kwenye obiti za d za chuma, au tumia fankshonali mseto, aina ya DFT inayopunguza kosa hilohilo. Kisanduku cha hesabu chenye atomi 120 ni mwanzo mzuri, kwa kuwa hujirudia pande zote. Kisanduku kidogo hulazimisha polaroni igusane na nakala zake. Kisha zima ulinganifu, chagua chuma kimoja, na usogeze oksijeni zake sita nje kwa angstromu 0.05 hadi 0.1 kabla ya kulegeza muundo (kuziacha atomi zitafute nafasi zenye nishati ndogo zaidi). Ukiruka hatua hii, programu itatulia kwenye hali ya elektroni iliyosambaa na utaapa kwamba polaroni haipo. Ikifanikiwa, nguvu ya sumaku ya chuma hicho hushuka kutoka karibu magnetoni 4.2 za Bohr hadi 3.7 hivi, na majirani hawabadiliki. Lakini U kubwa mno hunasa elektroni hata pasipostahili, kwa hiyo rudia hesabu kwa thamani mbili tatu.

Kuongeza titani au bati huzidisha elektroni, lakini kila moja bado hujinasa. Mashimo (nafasi chanya zinazoachwa na elektroni, ambazo lazima zifike kwenye maji) nayo husafiri nanometa 2 hadi 4 tu, ilhali mwanga wa nanometa 550 huzama zaidi ya nanometa 100. Kwa sababu hiyo filamu bapa nene haifai. Vijiti vyembamba vinavyozungukwa na maji hufupisha safari ya shimo, bila kuiponya elektroni.